Vipapatio vya Saa Kumi

Tarehe 4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Naandika kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, na mimi pia nimeshachoka nayo. Sisi tuko salama. Paa la jikoni limezibwa. Paka wa jirani amezalia ndani ya kapu la vitambaa vya meza na hakuna aliyekuwa na roho ya kumhamisha, kwa hiyo meza ziko uchi. Fundi Saa, yule wa kibanda cha pembeni, bado anakuja kila alasiri na kukaa meza ya dirishani hapa mgahawani, ingawa hatuna cha kumuuzia. Anakunywa chai na kuutazama mlango wa jiko.

Sasa la maana. Mama hali kitu. Tangu tumzike Baba mwezi wa kumi na moja, ni chai na uji mwepesi, basi. Na siyo kwamba hataki chakula. Kila siku ikikaribia saa kumi anavaa gauni lake la kijani, anakaa meza ya nne, anajiwekea sahani na kusubiri. Unaijua sheria ya nyumba yetu: hakuna anayegusa chakula kabla mpishi hajafungua mlango wa jiko na kusema karibuni. Basi Mama anasubiri karibuni. Nikimletea wali anasema, "Tusubiri vipapatio. Baba yenu hajamaliza." Namwambia, Mama, Baba tulimzika. Ananijibu, "Najua tulimzika, nilikuwepo. Wewe ulivaa viatu vya kuazima." Na ni kweli vilikuwa vya kuazima. Akili yake ni timamu kabisa, Kaka, na hilo ndilo linalonitisha. Daktari amempima mara mbili. Anasema akiendelea hivi mwaka hatumalizi naye.

Wewe ulisimama jikoni na Baba miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa upande wa meza, kazi yangu kubeba sahani na kucheka na wateja. Yeye hakuandika kitu. Niandikie basi: pilipili kiasi gani, siki kiasi gani, chumvi kiasi gani. Nikivipatia vile vipapatio vyake, nikafungua mlango na kusema karibuni, labda atakula.

Lipo jambo la pili, la sauti, lakini nikiliandika utasema nimerukwa na akili. Naliacha.

Mdogo wako,
Kijiko


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu Kijiko,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Huku nafua mashuka ya hoteli tatu. Mashine nane, mvuke kutwa nzima, na fundi wa mashine ananiita Mzee ingawa amenizidi miaka tisa. Kikohozi kimepoa. Msalimie Mama, ila usimwambie kwamba nimeuliza amekonda kiasi gani.

Sikiliza. Kata kila bawa vipande vitatu kwenye viungo. Ncha usizitupe, chemshia supu. Futa kila kipande kwa kitambaa mpaka kitambaa chenyewe kibaki kikavu. Paka chumvi, panga kwenye wavu, acha wazi sehemu ya baridi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Ngozi yenye maji haiwezi kuwa kavu mdomoni, hata ungeikaanga mpaka mwakani. Kaanga mara mbili. Ya kwanza mafuta ya wastani, dakika kumi, kisha viache vipumue. Ya pili mafuta makali, dakika tatu, usikilize: kelele za mafuta zikipungua, epua.

Mchuzi: pilipili mbuzi nyekundu nane, zichome juu ya chuma kikavu mpaka zipate madoa meusi. Zitwange na kitunguu saumu. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia pilipili, sukari kidogo ya kuwapatanisha. Siki ni ya mwisho, sufuria ikiwa imeshashuka jikoni, la sivyo mtatoka nje wote mkikohoa na Fundi Saa wenu. Mimina juu ya vipapatio kwenye bakuli kubwa, rusha, usikoroge.

Chumvi ya mchuzi siwezi kukuandikia. Ile ilikuwa haipimwi.

Kuhusu sauti: nyumba za zamani hazikosi sauti. Usizifuatilie.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo tena. Mama anakusalimu, alinikuta nikiisoma barua yako na kuuliza kama mwandiko wako bado unaanguka upande wa kulia. Nikamwonyesha. Akaushikashika ule mwandiko kwa kidole. Paka sasa ana watoto watatu, mmoja ana mkia uliopinda.

Barua yako ilichelewa, nami nilikuwa nimeshaanza kuhangaika peke yangu. Nilianza kwa kuzunguka mji huu kutafuta vipapatio vizuri vya kununua, nikisema nikipata vinavyofanana na vya Baba nitamdanganya Mama na yataisha. Kituo cha mabasi wanavipaka sukari mpaka vinanata kwenye meno. Nyuma ya sinema vimelegea, unavuta ngozi inakuja nzima kama soksi. Mwanamke wa karibu na kiwanda cha matofali anakaanga vizuri kweli, lakini pilipili yake ni ukali mtupu, hauna pa kushika. Nilikula viwili nikakaa chini kwenye ngazi za watu. Kila mahali nilifunga vinne nikamletea Mama. Anavinusa. Anarudisha karatasi kwa adabu, kana kwamba ni mgeni kwangu.

Kisha nikajaribu mwenyewe, nikatia siki sufuria ikiwa motoni. Hilo silielezi. Fundi Saa alitoka kupitia dirishani.

Juzi nimefuata maneno yako neno kwa neno, na Kaka, vililia mdomoni! Fundi Saa alikula kumi na moja, machozi yakimtoka. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Uko mlangoni, lakini hujaingia." Nikafungua mlango wa jiko, nikasema karibuni kwa sauti kubwa. Mama akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, si wewe," akasema.

Sasa nakuandikia lile la sauti, ucheke ukitaka. Kila siku ikifika saa kumi kamili, jikoni kunagongwa. Ni mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Nimesimama humo humo, mwiko umetundikwa, sufuria tupu, na nimeisikia mbele ya uso wangu. Mama kule mezani anainua kichwa, anasubiri kidogo, kisha anakishusha na kusema, "Bado." Fundi Saa naye ameisikia. Alitazama saa zake zote mbili, akakubali ni saa kumi.

Kaka, ilikuwaje ile siku ya chumvi? Walimu wale waliagiza sinia nne za kumuaga mwenzao, wakatema mbele yetu, na kesho yake asubuhi wewe ukaondoka na begi. Kila nikiuliza simu inakatika.

Kijiko


Tarehe 11 Mei

Kijiko,

Nimechelewa, kazi. Hatujambo. Mvua huku haikatiki.

Siku ya chumvi ilikuwa siku mbaya, basi. Baba alisema mwenyewe mbele ya watu kwamba amezeeka. Usiifukue.

Hizo mbili ukizisikia, toka jikoni. Nenda sokoni, urudi saa kumi na moja. Usiguse mwiko, wala usigonge kitu chochote. Mwambie Mama ale, mwambie nimesema mimi.

Kaka


Tarehe 20 Mei

Kaka,

Safari hii salamu ni fupi. Mama alianguka Jumapili akitoka kujiwekea sahani. Hakuvunjika, lakini nilipomwinua nilimwinua kwa mkono mmoja, na ule mkono mmoja haukuchoka. Gauni la kijani sasa nalibana kwa pini nne mgongoni.

Mimi niliandika kwamba jikoni kunagongwa. Sikuandika mara ngapi. Ni mara mbili, ndiyo. Wewe umejuaje?

Nami nina langu la siku ile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sitakwambia mpaka uniambie lako. Ukinijibu kuhusu mvua nitaichana barua bila kuimaliza.

Kijiko


Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata asubuhi, najibu mchana huu huu juu ya rundo la foronya.

Nimejua kwa sababu nazisikia. Ni huku huku, umbali wote huu. Saa kumi ikifika, bomba la mvuke juu ya mashine ya sita linagongwa mara mbili. Fundi amelifungua mara tatu, hakuona kitu. Ilianza siku mliyonipigia simu kwamba Baba amefariki, kabla sijapokea.

Unakumbuka ile homa, miaka sita kabla sijaondoka, Baba alipolala wiki tatu? Aliamka bila pua na bila ulimi. Ukali aliusikia, midomo ilimwaka kama kawaida, lakini chumvi, ndimu, sukari, siki, vyote kwake vilikuwa maji. Alinivutia stoo akanishika kola. Alisema, mpishi asiyeonja ni marehemu anayetembea, na akaniapisha nisimwambie mtu, hata Mama, hata wewe. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyeonja. Wateja walikuwa wakichungulia jikoni, kwa hiyo tukatunga njia yetu. Yeye anachovya kidole, analamba, anatikisa kichwa kama mjuzi, kisha anagonga mwiko mara mbili ukingoni. Hilo lilikuwa swali kwangu. Mimi nimeshaonja nikiwa nyuma yake. Kukiwa tayari, nagonga mara moja kwenye kopo la chumvi. Kukiwa bado, nakaa kimya. Kimya changu maana yake bado, na yeye anaongeza chumvi mpaka nigonge. Miaka sita watu walivisifu vipapatio vya mkono wa Baba, na mimi nikiosha masufuria.

Mwezi ule nilichoka. Nilimwomba amwambie Mama tu, mtu mmoja. Akasema, "Jikoni kwangu wewe ni nani?" Ilikuwa siku ya wale walimu. Nikamwacha atie chumvi. Akagonga mara mbili, nikanyamaza. Akatia tena. Akagonga, nikanyamaza. Mchuzi ulikuwa umeshaharibika, na mimi nilikuwa natazama nyuma ya shingo yake, kile kikovu cha mafuta, nikimsikia akigonga kwa kuniamini. Mara ya nne ndipo nikagonga kopo.

Walipotema alinigeukia. Kijiko, alijua. Hakunitaja. Aliwaambia, "Nisameheni, nimezeeka."

Sasa umeelewa kwa nini nilikwambia usigonge kitu. Anauliza, na kila siku tukinyamaza tunamjibu bado. Amesimama kwenye ile sufuria tangu Novemba. Najua. Nimekaa chini ya lile bomba na ufunguo wa chuma mkononi, na siwezi. Mara ya mwisho nilipomjibu nilimdanganya. Nitamjibu nini tena?

Kaka yako


Tarehe 6 Juni

Kaka,

Nimeisoma stooni, mlango umefungwa. Nimekuchukia siku mbili nzima, kisha nikakumbuka kwamba sina haki ya kukuchukia peke yako.

Langu ni hili. Jioni ya siku ya chumvi, wewe ukiwa chumbani unafunga begi, nilimfuata Baba jikoni nikamvua aproni kwa mikono yangu. Nilimwambia, "Baba, pumzika, kichwa chako kimechoka, utatuaibisha." Alisimama wima akaniacha nifungue fundo, kama mtoto anayevuliwa shati. Angeweza kusema neno moja la kujitetea, la ulimi wake au la kwako. Alisema, "Usiifue na nguo nyeupe, ina pilipili." Hakuingia tena jikoni. Kutwa alikaa meza ya nne, mikono juu ya meza, mpaka alipokufa. Wewe ulimfunga mdomo, mimi nikamfukuza kazi.

Siwezi kumjibu kwa niaba yako. Nilijaribu jana, nisamehe. Aliuliza, nikagonga kopo. Akagonga tena mbili, taratibu, kama mtu anayesema sikukuuliza wewe. Mama akasema, "Bado."

Mama hawezi kumaliza miezi miwili mingine hivi. Njoo. Sikuombi uje kunifundisha kupika.

Kijiko


Tarehe 14 Juni

Kijiko,

Nafika Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Nunua mabawa thelathini, makubwa, yasiyogandishwa. Pilipili nitanunua mwenyewe. Usionje kitu kabla yangu.

Nina hofu, nakuandikia wazi.

Kaka


Tarehe 9 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Julai imefika na viatu vya Mama vimefika. Amevivaa mchana kutwa ndani ya nyumba akidai anavilegeza. Pini za gauni zimebaki mbili. Paka ametuachia yule mtoto wa mkia uliopinda na kutoweka na wengine. Fundi Saa ametutengenezea saa ya ukutani, inakwenda mbele dakika tano, na hakuna anayethubutu kumwambia.

Nairudia ile Jumamosi kila siku kichwani. Ulivyokuwa unafuta kisu kila ukikata kiungo, nami nikijifanya nahesabu sahani. Zilipogongwa zile mbili nilidhani utagonga kopo mara moja tu ili yaishe na sote tupumue. Ulikuwa na kijiko mdomoni na machozi mashavuni. Ukanyamaza! Nilitaka kukupiga. Ukachukua chumvi kwa vidole vitatu, ukatia, ukarusha, ukaonja tena, na ukasimama vile vile umemgeuzia uso mtu ambaye mimi simwoni. Zikagongwa tena mbili. Ndipo ukamjibu. Sijawahi kusikia kopo la chumvi likilia vile. Kisha ukafungua mlango ukasema karibuni, na Mama akavuta kiti chake mbele. Alikula vipapatio sita. Alilamba na kidole chenye pete. Alikwambia, "Umechelewa," na hakuna aliyejua anamaanisha chakula au miaka.

Unasema huko nako bomba limenyamaza, na kwamba saa kumi ikifika unainua kichwa kwa mazoea na unaumia. Hata mimi. Nilimwogopa miezi saba, sasa natamani arudi. Nilitundika aproni yake msumarini kwa wiki nne. Jana nimeivaa.

Na ndilo ninalotaka kukuandikia. Jana nimekaanga peke yangu kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nimechoma pilipili, siki nimetia mwisho, sijamtoa mtu nje. Nimeonja, nikadhani imekaa sawa, nikaonja tena, nikakosa uhakika. Na mkono wangu wenyewe, Kaka, bila kuutuma, ukagonga mwiko ukingoni. Mara mbili. Nikaushika kwa mkono mwingine. Nilisimama pale nimeganda, mtu mzima, nikisubiri sijui nani.

Kutoka ukumbini, pete ya Mama ikagonga meza ya nne. Mara moja.

Nilitoka na mwiko mkononi ukidondosha mchuzi sakafuni. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

"Mume niliyeishi naye miaka arobaini na moja," akasema. "Tangu ile homa alikuwa ananusa maua ya plastiki ya pale dirishani na kuniambia mazuri. Nisijue nini?"

"Na kugonga?"

"Mlidhani mimi ni kiziwi? Nilikuwa nakaa hapa nasikia mnavyoulizana na kujibizana, nasikia raha."

Nikakaa chini. Nilikasirika, nakiri. "Sasa kwa nini hukumjibu? Miezi yote ile unakonda mbele ya macho yangu, na ulikuwa unajua ni kugonga mara moja tu?"

Mama alinyoosha kitambaa cha meza, akaweka sahani yake katikati, kisha akaweka na yangu.

"Hakuwa ananiuliza mimi," akasema. "Wewe umeniuliza, na harufu imeshafika hapa. Lete chakula."

Mdogo wako,
Kijiko